Mzio wa Chavua: Mwongozo Kamili wa Kuudhibiti kwa Njia za Asili, Hatua kwa Hatua

Mtu anayeamka katika majuma yaleyale ya kila mwaka akipiga chafya kumi mfululizo, pua ikimchuruzika kamasi jepesi kama maji na macho yakimwasha hadi anatamani kuyafikicha kwa ngumi, kwa kawaida huikimbilia jikoni kutafuta asali, tangawizi, kitunguu au majani ya kuchemsha. Mwongozo huu unaanzia mahali pengine, kwa sababu njia za asili zinazosaidia zaidi dhidi ya mzio wa chavua, ule ungaunga wa maua, si zile za kunywa, bali ni zile zinazoizuia chavua isifike puani na zile zinazoiosha ikishafika. Vinywaji na mitishamba vina nafasi yake, nayo tutaifikia, lakini ni ndogo kuliko inavyosifiwa.

Ugonjwa wenyewe hauna ugeni. Mwaka 1819 daktari Mwingereza John Bostock aliwaeleza wenzake mjini London dalili zilizokuwa zikimsumbua yeye mwenyewe kila majira ya joto, akidhani kwamba zinaletwa na joto na jua. Zaidi ya miaka 50 baadaye, mwaka 1873, Charles Blackley wa Manchester alichapisha majaribio aliyoyafanya puani na machoni mwake mwenyewe, akaonyesha kwamba chanzo ni chavua. Hata tiara alizirusha angani ili kuinasa chavua inayopeperushwa huko juu. Kinachotokea ndani ya mwili ni kwamba mfumo wa kinga huikosea chavua kwa adui na kutengeneza kingamwili za aina ya IgE, ambazo hujishikiza kwenye seli zilizojaa kemikali iitwayo histamini katika utando laini wa pua na macho. Chavua ikigusa kingamwili hizo, histamini humwagika ndani ya dakika chache na kuleta muwasho, chafya na kamasi. Kisha, saa 4 hadi 8 baadaye, hufuata wimbi la pili la uvimbe linaloziba pua. Ndiyo maana pua inayoziba usiku huweza kuwa deni la matembezi ya asubuhi, jambo ambalo wengi hulikosa wanapotafuta mchawi chumbani.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba ni mzio

Mafua ya kawaida huisha ndani ya siku 7 hadi 10, mara nyingi huambatana na uchovu wa mwili au homa, na kamasi lake huelekea kuwa zito siku zinavyokwenda. Mzio wa chavua hudumu majuma kadhaa, hauleti homa, kamasi lake hubaki jepesi na jeupe kama maji, na dalili yake ya kuaminika kuliko zote ni muwasho: wa pua, wa macho, wa kaakaa, hata wa ndani ya masikio. Ikiwa dalili hizo zinakuandama mwaka mzima bila kujali majira, huenda mzio wako ni wa wadudu wadogo wa vumbi la matandiko, wa ukungu au wa manyoya ya wanyama, na sehemu ya hatua zinazofuata haitakufaa. Tundu moja tu la pua linaloziba siku zote, au linalotoa damu, si habari ya mzio; mwone daktari.

Anayetaka uhakika anaweza kupimwa kwa njia ya kuchomwa kidogo kwenye ngozi pamoja na matone ya vizio mbalimbali, yaani vitu vinavyoleta mzio, au kwa kipimo cha damu. Vipimo hivyo vina faida moja kubwa: hukuambia ni mmea wa aina gani unaokusumbua, na hilo ndilo swali la hatua inayofuata.

Hatua ya pili: ijue chavua yako, msimu wake na saa zake

Maua ya kupendeza yaliyo mezani husingiziwa mara nyingi. Maua yenye rangi kali hutegemea wadudu, na chavua yake ni nzito na yenye kunata, hivyo hairuki mbali. Harufu yake huweza kuukera utando wa pua, lakini kukera si mzio. Wenye hatia ni mimea inayochavushwa na upepo, ambayo maua yake huwa madogo na ya kijani hivi kiasi kwamba watu hawayatambui kuwa ni maua: nyasi, baadhi ya miti, na magugu kama Ambrosia. Ukitaka kuamini, chukua shuke la nyasi lililopevuka siku ya ukavu, likung’ute kidogo juu ya karatasi nyeusi, kisha utazame ungaunga wa manjano utakaobaki. Punje moja ya chavua ya nyasi ina upana wa takriban sehemu 30 za elfu za milimita, nawe umemwaga maelfu kwa mkung’uto mmoja.

Katika nchi zenye majira manne, miti hutangulia mwanzoni mwa masika ya huko, nyasi hufuata hadi katikati ya kiangazi chao, na magugu hufunga msimu hadi majani ya miti yanapopukutika. Karibu na Ikweta kalenda hufuata mvua zaidi kuliko joto, na nyasi huchanua baada ya mvua kuzistawisha. Kalenda ya jumla hata hivyo haitoshi. Weka daftari dogo kitandani, na kila jioni andika mambo matatu: ukali wa dalili kuanzia 0 hadi 10, mahali ulipokuwa na saa ulizokuwa nje, na hali ya hewa. Baada ya majuma matatu utaanza kuona mpangilio ambao kumbukumbu peke yake isingekuonyesha.

Kuhusu saa, nyasi nyingi humwaga chavua asubuhi. Hewa ikipata joto huipandisha juu, na jioni inapopoa chavua hushuka tena karibu na ardhi. Siku kavu zenye upepo ndizo mbaya. Mvua tulivu huisafisha hewa, na saa chache baada yake huwa nafuu kwa matembezi. Dhoruba ya radi ni kinyume chake: unyevu huzipasua punje za chavua kuwa vipande vidogo vinavyoweza kupenya hadi mapafuni. Tarehe 21 Novemba 2016 dhoruba ya namna hiyo ilipita Melbourne, Australia, wakati wa msimu wa nyasi. Maelfu ya watu walishindwa kupumua vizuri na 10 walifariki. Mwenye mzio wa nyasi, hasa aliye pia na pumu, aingie ndani na kufunga madirisha kabla upepo wa dhoruba haujafika.

Hatua ya tatu: izuie isiingie

Hatua hii haina mvuto wowote, na pengine ndiyo sababu hurukwa. Unapotoka nje katika saa mbaya, vaa miwani inayokumbatia uso hadi pembeni, kofia yenye ukingo, na barakoa ikiwa utakaa nje kwa muda mrefu au utafanya kazi yenye vumbi. Paka mafuta ya mgando kwa wepesi kuzunguka mdomo wa matundu ya pua. Mafuta hayo huinasa sehemu ya chavua kabla haijaingia, na huilinda ngozi inayochubuka kwa kupenga mara kwa mara. Kazi ya kufyeka nyasi mwachie mtu asiye na mzio, na ikibidi uifanye mwenyewe, fanya ukiwa umevaa barakoa na uoge mara tu unapomaliza.

Ukirudi nyumbani, hesabu kwamba umeibeba chavua nywelini na kwenye nguo. Vua nguo za nje mbali na chumba cha kulala, na usizirushe kitandani hata kwa dakika moja. Oga na kuosha nywele kabla ya kulala badala ya kusubiri asubuhi, kwa sababu mwenye nywele zenye chavua huulalia mzio wake usiku kucha. Nguo na mashuka yaanikwe ndani wakati wa msimu, au yakaushwe kwa mashine. Shuka lililoanikwa uani hunasa chavua kama wavu. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi, si kwa ufagio mkavu unaolirusha upya hewani. Mnyama anayeingia ndani afutwe manyoya kwa kitambaa chenye unyevu. Mwenye uwezo wa kununua mashine ya kusafisha hewa na achague yenye chujio la HEPA, lile linalonasa chembe ndogo sana, aiweke chumba cha kulala na kufunga mlango. Kuiweka sebuleni huku madirisha yakiwa wazi ni kupoteza umeme.

Hatua ya nne: osha pua kwa maji ya chumvi

Kama ningeruhusiwa kubakiza hatua moja tu katika mwongozo huu, ningeibakiza hii. Maji ya chumvi huondoa chavua, kamasi na kemikali za uvimbe kutoka kwenye utando wa pua, hayana usingizi wala mazoea, na tafiti zimeonyesha kwamba hupunguza dalili kwa watu wazima na watoto. Hata hivyo, lazima yatayarishwe kwa uangalifu.

Anza na maji. Usitumie kamwe maji ya bomba, ya kisima au ya mto yakiwa mabichi, hata kama unayanywa bila tatizo. Tumbo lina tindikali inayoua vijidudu, pua haina. Kuna amiba iitwayo Naegleria fowleri ambayo haidhuru ikimezwa, lakini ikiingia puani huweza kupanda hadi kwenye ubongo. Mwaka 2011 watu wawili katika jimbo la Louisiana, Marekani, walifariki baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba. Tukio kama hilo ni nadra sana, lakini kinga yake ni nyepesi mno kuachwa. Tumia maji yaliyokenekwa (yaliyopatikana kwa kupoza mvuke), au chemsha maji hadi yatokote kwa nguvu kwa dakika 1 nzima (dakika 3 ikiwa unaishi mahali palipo juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari), kisha uyafunike na kuyaacha yapoe hadi yawe vuguvugu.

Sasa chumvi. Changanya vijiko 3 vya chai vya chumvi safi isiyo na madini joto na kijiko 1 cha chai cha bikaboneti ya sodiamu, ile soda ya kupikia. Hamira ya unga haifai, na magadi hayafai kabisa. Hifadhi mchanganyiko huo mkavu katika chupa yenye kifuniko. Kila unapoosha pua, koroga kijiko 1 cha chai cha mchanganyiko katika mililita 240 za yale maji vuguvugu, yaani kikombe kimoja. Ukihisi kuungua, punguza mchanganyiko kidogo siku inayofuata, lakini usifike mahali pa kutumia maji matupu: maji yasiyo na chumvi ndiyo yanayochoma zaidi, kama anavyojua yeyote aliyewahi kuingiwa na maji ya mto puani akiogelea.

Tumia chupa laini ya kukamua iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, au kibirika kidogo chenye mdomo mwembamba. Inama juu ya sinki au karai, geuza kichwa upande mmoja ili tundu moja la pua liwe juu ya jingine, fungua mdomo, na upumue kwa mdomo tu. Ingiza ncha ya chombo kwenye tundu la juu na uyaachie maji yaingie taratibu, bila kukamua kwa nguvu. Baada ya sekunde chache yatatokea tundu la chini. Mara ya kwanza mwili hushtuka na koo hutaka kumeza. Ukitamka “aaa” kwa sauti ya chini, kaakaa laini hujiinua na maji hayashuki kooni. Maji yakikwama usisukume zaidi. Nyanyua chombo, penga taratibu, ujaribu tena. Mimina nusu ya kikombe upande mmoja, kisha geuza kichwa na kumalizia upande wa pili.

Ukimaliza, bado umeinama, penga kwa upole tundu moja baada ya jingine, wala usiyabane yote mawili kwa pamoja, kwa kuwa shinikizo huyasukuma maji kuelekea masikioni. Fanya hivyo mara moja kwa siku dalili zikiwa za wastani, na mara mbili zikiwa kali, hasa unaporudi kutoka nje. Ya usiku ifanyike angalau saa moja kabla ya kulala, kwani maji yaliyobaki kwenye mapango ya uso huweza kudondoka ghafla ukiinama au ukijilaza. Osha chombo kwa yaleyale maji yaliyochemshwa na ukiache kikauke kabisa. Asiyepaswa kuosha pua kwa namna hii ni mwenye maambukizi ya sikio, aliyefanyiwa upasuaji wa pua au uso hivi karibuni bila ruhusa ya daktari wake, ambaye pua imeziba kabisa pande zote, na mtoto mdogo asiyeweza kufuata maelekezo.

Hatua ya tano: tuliza macho

Kufikicha macho huleta raha ya sekunde kumi na adhabu ya saa nzima, kwa sababu msuguano wenyewe huzifanya seli zimwage histamini zaidi. Nawa mikono, suuza uso kwa maji baridi macho yakiwa yamefumbwa, kisha weka kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi juu ya kope kwa dakika 5 hadi 10. Machozi ya bandia yasiyo na dawa huosha chavua vizuri, na yakihifadhiwa kwenye jokofu hutuliza zaidi. Usitie jichoni asali, maziwa, chai ya majani wala kitu chochote cha nyumbani, hata kama aliyekushauri anakupenda. Mvaaji wa lenzi atumie miwani hadi msimu upite.

Hatua ya sita: vinywaji na mitishamba, kwa macho makavu

Asali ndiyo inayotajwa kwanza. Hoja yake ni kwamba asali ya eneo lako ina chavua ya eneo lako, hivyo kuila kidogokidogo huuzoesha mwili. Hoja hiyo inapendeza, ila nyuki hukusanya kutoka kwenye maua yanayotegemea wadudu, wakati mzio wako umetokana na mimea ya upepo. Jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2002 huko Connecticut, Marekani, liliwalinganisha watu 36 waliopewa asali ya eneo hilo, asali ya viwandani au sharubati iliyotiwa ladha ya asali, na asali haikuishinda sharubati hiyo. Inalainisha koo linalokwaruza, na kwa kazi hiyo itumie. Isipokuwa kwa mtoto aliye chini ya miezi 12, ambaye asali huweza kumletea sumu ya botulizimu.

Chai ya tangawizi, supu na vinywaji vingine vya moto hulegeza kamasi na kumpa mtu faraja, nayo faraja si kitu cha kudharau. Kitunguu na tofaa vina kemikali iitwayo kwasetini, ambayo katika maabara huzuia seli kumwaga histamini, lakini kiasi kinachofyonzwa kutoka kwenye chakula ni kidogo, na hakuna msingi wa kumwahidi mtu kwamba saladi itamtibu. Majani ya Urtica, ule mmea unaowasha ukiugusa, yamejaribiwa mara chache na kwa watu wachache, na matokeo yake hayana uzito.

Mtishamba wenye ushahidi wa maana zaidi ni mmea uitwao Petasites, na huo ndio ninaousita zaidi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2002, vidonge vyake vilikaribiana na setirizini, dawa ya mzio ya dukani. Tatizo ni kwamba mmea wenyewe una kemikali ziitwazo alkaloidi, zinazoharibu ini, na vidonge vinavyodaiwa kusafishwa havisafishwi kwa kiwango kimoja. Sioni sababu ya mtu kuhatarisha ini lake kwa ajili ya pua.

Kuna pia tiba za asili zinazoweza kuchochea mzio wenyewe. Kamomaili na ekinasia ni ndugu wa Ambrosia, kwa hiyo mwenye mzio wa gugu hilo huweza kuvimba midomo au kupata vipele kwa kikombe cha chai ya kutuliza. Vidonge vya chavua ya nyuki vimewahi kusababisha mshtuko wa mzio unaotishia maisha. Vilevile, anayewashwa mdomo akila tofaa bichi huenda ana mzio wa chavua ya mti wa Betula, na anayewashwa na tikiti au ndizi huenda ana ule wa Ambrosia, kwa kuwa protini zake zinafanana. Tunda likipikwa, mara nyingi muwasho huo hutoweka.

Kujifukiza kwa mvuke hulegeza kamasi kwa muda, lakini sufuria ya maji yanayochemka chini ya shuka ni ajali inayongoja, na watoto ndio wanaoungua zaidi. Bafu lenye mvuke wa maji ya moto linatosha. Mentholi na mafuta ya mkaratusi huamsha tu vipokezi vya ubaridi puani, mtu akahisi kwamba pua imefunguka ilhali nafasi ya hewa haijaongezeka. Yasipakwe usoni mwa mtoto mchanga wala yasimezwe. Na yeyote anayetumia dawa za kudumu, mjamzito au anayenyonyesha, amwulize mfamasia kabla ya kunywa mtishamba wowote kwa kiwango cha dawa.

Hatua ya saba: pale njia za asili zinapofika mwisho wake

Jipe majuma mawili ya kuzifuata hatua za juu kwa uaminifu. Ikiwa bado hulali, hufanyi kazi vizuri, au mtoto anashindwa kusikiliza darasani, hakuna ushindi katika kuendelea kuvumilia. Dawa ya steroidi (ya kupunguza uvimbe) ya kupulizia puani ndiyo yenye nguvu zaidi kwa pua iliyoziba, lakini huhitaji matumizi ya kila siku, na nafuu yake kamili huweza kuchukua siku kadhaa hadi majuma mawili. Antihistamini, yaani dawa za kuzuia histamini, zisizolevya usingizi, kama loratadini na setirizini, husaidia zaidi muwasho na chafya, ingawa setirizini huwasinzisha baadhi ya watu. Osha pua kwanza, subiri dakika chache, kisha pulizia dawa, ili isioshwe pamoja na kamasi. Matone ya kuzibua pua kwa haraka yasizidi siku chache, kwani yakizoewa huifanya pua izibe zaidi kuliko mwanzo. Kwa mzio mkali unaorudi kila mwaka, daktari anaweza kupendekeza tiba ya kuuzoesha mwili chavua kwa sindano au vidonge vya chini ya ulimi, ambayo kwa kawaida huchukua miaka 3 hadi 5.

Kifua kikianza kupiga filimbi, pumzi ikikatika, au kikohozi kikikuamsha usiku, usihesabu majuma mawili. Hiyo huenda ni pumu, na mzio wa pua na pumu hutembea pamoja. Uvimbe wa midomo, ulimi au koo ni dharura ya dakika hiyohiyo. Maumivu makali ya jicho, kuona ukungu, au homa pamoja na maumivu ya uso navyo vinahitaji daktari.

Hatua ya nane: andaa msimu ujao

Lile daftari la kitandani usilitupe msimu ukiisha. Tafuta ndani yake tarehe ya kwanza ambayo dalili zilivuka 3, kisha urudi nyuma majuma mawili na uitie alama kwenye kalenda ya mwaka ujao. Siku hiyo, kabla ya chafya ya kwanza, chemsha maji, changanya chumvi mpya, badilisha chujio la mashine ya hewa, na kama daktari alikuandikia dawa ya kupulizia puani, anza kuitumia.